Bangi wakati wa mimba na moyo wa mtoto: hatari ni kiasi gani, na aliyekwisha kuvuta afanye nini?

mshauri_uzazi

Salaam wakuu. Naandaa karatasi ya maelezo kwa wanawake na wenzi wao wanaojiandaa kupata mtoto. Sehemu ya pombe na sigara imekamilika. Ya bangi imenikwama, hasa upande wa moyo wa mtoto. Wapo wanaosema bangi ni majani tu, haina neno. Wapo wanaosema ukivuta mara moja mtoto atazaliwa na tundu kwenye moyo. Karatasi moja haiwezi kubeba kauli zote mbili, na sidhani kama kuna iliyo kweli hata moja.

Naomba wanaoifahamu mada wanisaidie. Moyo wa mtoto unaumbwa lini hasa, ili nimwambie mwanamke aache kabla ya wakati gani? Tafiti za binadamu zimeona nini, kwa namba? Aliyekwisha kuvuta kabla hajajua kuwa ni mjamzito achunguzwe nini na wiki ya ngapi? Baba anayevuta anahusika? Na wale wanaokula bangi badala ya kuivuta, au wanaotumia mafuta ya CBD (kemikali ya bangi isiyolewesha), niwajibu nini?

---

mrija_wa_kwanza

Nianze na kalenda, maana hapo hata wahudumu hukosea.

Kliniki huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Vitabu vya uumbaji wa mtoto huhesabu tangu yai liliporutubishwa, yaani wiki 2 hivi baadaye. Ukinukuu kitabu kimoja bila kubadilisha hesabu, utamkosesha mama kwa siku 14 nzima. Hapa natumia hesabu ya kliniki.

Moyo huanza kama mrija mmoja ulionyooka. Huanza kupiga siku ya 22 hivi tangu kurutubishwa, yaani mimba ikiwa na wiki 5 na siku moja. Kisha mrija hujikunja, kuta za kugawa vyumba huota, na bomba moja la kutolea damu hujigawa kuwa mawili: aota, mshipa mkuu wa kupeleka damu mwilini, na ateri ya mapafu. Kufikia wiki ya 10 vyumba vinne vimetengana na valvu zimeumbika. Baada ya hapo moyo hukua na kukomaa, lakini ramani yake imekwisha chorwa.

Sasa linganisha na maisha ya kawaida. Mwenye mzunguko wa siku 28 hutarajia hedhi mwishoni mwa wiki ya 4. Akisubiri siku kumi ndipo apime, moyo unapiga tayari. Akifika kliniki mara ya kwanza wiki ya 12, kazi ya kuumba moyo imekwisha. Kwa hiyo "acha bangi ukijua una mimba" ni ushauri mzuri kwa ubongo na uzito wa mtoto, ila kwa moyo umechelewa. Karatasi yako iseme: acha kabla ya kuanza kutafuta mimba.

Mapema kiasi gani? THC, kemikali ya bangi inayolewesha, hupenda mafuta. Hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili na kurudi kwenye damu polepole. Anayevuta mara moja moja huisafisha kwa siku chache, lakini kwa anayevuta kila siku mabaki yake huonekana kwenye mkojo hata mwezi mzima au zaidi. Kuonekana kwenye mkojo si sawa na kudhuru, lakini kunaonyesha mwili haukauki siku unapozima msokoto. Kwa mtumiaji wa kila siku mimi ningeandika miezi 3, na mwenzi wake aache pamoja naye kwa sababu nitakazoeleza.

Kuhusu namna inavyoweza kudhuru: THC huvuka kondo la nyuma. Kiinitete tangu mapema kina vipokezi vya CB1, ambavyo ni sehemu ya mfumo wa mwili wenyewe wa kupeana ishara: seli igawanyike lini, ihame kwenda wapi, isimame wapi. Bomba la kutolea damu hujengwa kwa msaada wa seli zinazosafiri kutoka kwenye ukingo wa neva, yaani ukanda wa seli ulio mgongoni mwa kiinitete. Ishara ikivurugwa safarini, seli chache zikichelewa kufika, ukuta hubaki na pengo. Kwenye panya waliopewa THC wakiwa na mimba, watoto wameonekana na mioyo midogo na inayosukuma damu kwa udhaifu. Ila kipimo wanachopewa panya hakihamishiwi kwa mtu moja kwa moja, kwa hiyo hili libebe kama sababu ya kuchukua tahadhari, usiliite uthibitisho.

Kula badala ya kuvuta huondoa moshi peke yake. Hilo si dogo, kwa kuwa moshi una kaboni monoksaidi inayoshika himoglobini, kibebaji cha oksijeni kwenye damu, na kumnyima mtoto oksijeni. Lakini THC inabaki ile ile, na ya kuliwa huchelewa kupanda na hudumu mwilini muda mrefu zaidi, hivyo mtu huongeza kipande cha pili kabla cha kwanza hakijafanya kazi. Mafuta ya CBD nayo si njia ya kukwepa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inashauri wajawazito na wanaonyonyesha wasitumie bangi kwa namna yoyote, CBD ikiwemo. Na chupa iliyoandikwa CBD tupu mara nyingine hukutwa na THC ndani.

Baba: mbegu za kiume huchukua siku 74 hivi kutengenezwa. Tafiti zimeona kwamba kwa wanaume wanaotumia bangi, alama za kemikali zilizo juu ya DNA ya mbegu hubadilika. Je, badiliko hilo linafika kwenye moyo wa mtoto? Hapo hakuna aliyethibitisha. Miezi 3 niliyotaja inatoka hapo: mzunguko mmoja mzima wa mbegu mpya, na nyongeza kidogo.

---

hesabu_za_hatari

Mkuu hapo juu ameeleza uumbaji vizuri. Mimi nichukue namba, maana ndizo zinazopotoshwa zaidi.

Msingi kwanza. Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 8 hadi 10 wana kasoro ya moyo ya namna fulani, hata kama mama hajawahi kugusa bangi. Inayoongoza ni tundu kwenye ukuta kati ya vyumba viwili vya chini. Mengi ya matundu hayo ni madogo, na yaliyo kwenye sehemu ya msuli mara nyingi huziba yenyewe miaka ya mwanzo.

Sasa tafiti. Huko Atlanta, Marekani, uchambuzi uliochapishwa 2004 uliona kwamba mama wa watoto wenye tundu la aina hiyo walikuwa wametaja kutumia bangi karibu mara mbili ya mama wa watoto wasio na kasoro. Utafiti mkubwa wa eneo la Baltimore na Washington, uliokusanya watoto wa 1981 hadi 1989, uliona uhusiano kati ya baba kutumia bangi na tundu la sehemu ya utando ya ukuta huo. Halafu ukaja utafiti wa kitaifa wa kuzuia kasoro za kuzaliwa wa Marekani. Uchambuzi wake wa 2009, wa watoto waliozaliwa 1997 hadi 2003, haukuona uhusiano na kasoro za moyo. Ulichoona ni uhusiano na mtoto kuzaliwa bila sehemu kubwa ya ubongo na fuvu. Kwa hiyo anayesema "imethibitishwa" amevuka mpaka, na anayesema "hakuna kitu" amevuka upande wa pili.

"Mara mbili" ni maneno ya kutisha hadi uyaweke juu ya msingi. Chukua mfano wa hesabu tu: tuseme tundu hili hugunduliwa kwa watoto 3 kati ya 1,000. Likizidi mara mbili ni 6 kati ya 1,000. Watoto 994 hawana. Kwenye karatasi andika namba zote mbili kwa pamoja, na usiandike "asilimia 100 zaidi" ikasimama peke yake. Nimeona karatasi za namna hiyo zikimfanya mama akimbilie kutoa mimba aliyoitaka, kwa hatari ambayo haijafika hata moja kwa mia. Hilo ni kosa la mwandishi wa karatasi.

Kwa nini tafiti hazielewani? Tumbaku ndiyo ya kwanza. Wengi wanaovuta bangi huvuta na sigara, au huchanganya vyote kwenye msokoto mmoja, na sigara yenyewe inahusishwa na kasoro za moyo. Pili, kumbukumbu: mama aliyezaa mtoto mgonjwa huchimba kila alichofanya, mwenye mtoto mzima hana haja ya kukumbuka. Tatu, kuficha. Mtumiaji anayekana huhesabiwa miongoni mwa wasiotumia, na tofauti kati ya makundi hupungua.

La nne husahaulika. Mshipa unaounganisha aota na ateri ya mapafu tumboni hutakiwa kujifunga baada ya kuzaliwa. Kwa njiti mara nyingi hubaki wazi, kwa sababu tu amezaliwa mapema. Na bangi inahusishwa na kuzaa kabla ya wakati: kwenye jimbo la Ontario, Kanada, katika takwimu za 2012 hadi 2017, waliosema wametumia walizaa kabla ya wiki 37 kwa asilimia 12.0, na wasiotumia asilimia 6.1. Baada ya kulinganisha wanaofanana kwa sigara, umri na mengineyo, pengo lilipungua lakini halikuisha: uwezekano ulikuwa mara 1.41. Utafiti unaohesabu mshipa huo kama kasoro ya moyo bila kuwatenga njiti utaikuta bangi na hatia isiyo yake, au iliyo yake kwa njia nyingine kabisa.

Jihadhari pia na grafu za jimbo zima, kama zile za Colorado, Marekani, zinazoonyesha kasoro zikipanda baada ya bangi kuhalalishwa. Grafu ya jimbo haikuambii kama mama wa mtoto huyu alivuta. Mashine za eko (altrasaundi ya moyo) zikiongezeka, matundu madogo ambayo zamani yasingeonekana huanza kuhesabiwa, na mstari hupanda bila mtoto mmoja kuongezeka.

Jambo moja linanisukuma upande wa tahadhari. Tafiti za miaka ya 1980 zilihusu bangi dhaifu. Katika shehena zilizokamatwa Marekani, wastani wa THC ulikuwa asilimia 4 hivi mwaka 1995 na ukafika 12 hivi mwaka 2014. Kutoona madhara kwenye kipimo cha zamani si kibali cha kipimo cha leo.

Na tafadhali, bangi isikae juu kabisa kwenye karatasi yako. Kisukari kisichodhibitiwa kabla ya mimba huzidisha hatari ya kasoro ya moyo mara 3 au zaidi. Rubela wiki za mwanzo, dawa ya chunusi ya isotretinoini, valproeti ya kifafa, pombe: hizi ushahidi wake ni mzito zaidi. Ila anayetumia valproeti, au lithiamu ya maradhi ya akili, asiache ghafla mwenyewe, aende abadilishiwe na daktari kabla ya kushika mimba. Degedege la mama laweza kuua wawili.

---

eko_ya_kijusi

Nijibu la uchunguzi.

Kipimo kikuu ni altrasaundi ya viungo kati ya wiki ya 18 na 22. Kabla ya hapo moyo ni mdogo mno kuonekana kwa uhakika kwenye vituo vingi. Baada ya wiki 28 mifupa ya mbavu na uti wa mgongo huanza kutupa kivuli.

Mama, au mshauri wake, aulize swali moja mahususi: "Mmeona vyumba vinne pekee, au na njia mbili za kutokea damu?" Picha ya vyumba vinne ikiwa nzuri humtuliza kila mtu, lakini mishipa mikubwa iliyobadilishana nafasi huweza kuwa na vyumba vinne safi kabisa. Ugonjwa wa Fallot, yaani kasoro nne za moyo kwa pamoja, vilevile. Picha kamili ni tumbo na upande moyo ulipo, vyumba vinne, njia ya kutoka chumba cha kushoto, njia ya kutoka cha kulia, kisha mishipa mitatu pamoja na koo la hewa. Ikiwa mtoto amelala vibaya au mama ana mafuta mengi tumboni na picha haikupatikana, iandikwe "haikuonekana", na arudi baada ya wiki moja au mbili. Wasiandike "kawaida".

Je, aliyevuta bangi apelekwe kwenye eko maalumu ya moyo wa kijusi? Bangi peke yake kwa kawaida haiko kwenye orodha ya sababu za rufaa. Zilizopo ni kisukari cha kabla ya mimba, mzazi au ndugu wa damu moja mwenye kasoro ya moyo, dawa kadhaa, kasoro ya kromosomu, na altrasaundi ya kawaida iliyotia shaka. Kwa mtumiaji wa kila siku aliyevuka wiki ya 5 hadi 10 akivuta, mimi nahimiza altrasaundi ya viungo ifanywe na mtu anayejua kupata picha zote tano. Hilo lina faida kuliko rufaa ya jina kubwa isiyofika.

Mwambieni pia kisichoonekana tumboni. Kabla ya kuzaliwa kila mtoto ana tundu kati ya vyumba vya juu na ule mshipa aliotaja mwenzangu, kwa sababu mapafu hayajaanza kazi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kama vitajifunga. Matundu madogo ya ukuta wa chini hutuponyoka, na kubanwa kwa aota ni kugumu kuona. Altrasaundi safi inapunguza shaka, haiifuti.

Tukikuta kasoro nzito, faida ni kupanga mahali pa kuzalia. Mtoto ambaye damu yake inategemea ule mshipa huhitaji dawa ya prostaglandini tangu mwanzo ili usijifunge, na hospitali yenye uwezo wa kumsaidia kupumua, maana dawa hiyo yenyewe huweza kusimamisha pumzi.

---

mkunga_wa_zamu

Nyongeza ya chumba cha kliniki.

Namna ya kuuliza ndiyo inayoleta jibu. "Unavuta bangi?" mbele ya mama mkwe hupata "hapana" kila mara. Muulize akiwa peke yake, sigara, pombe na bangi kwa mpangilio mmoja, na "mara ya mwisho ilikuwa lini?" badala ya "je, umewahi?" Andika namna, mara ngapi kwa wiki, kama inachanganywa na tumbaku, na tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo iwekwe kwenye kalenda ya mimba: kama aliacha kabla ya wiki ya 5, mpe habari hiyo, inampunguzia mzigo.

Kuacha ghafla bangi hakumdhuru mtoto. Hii ni tofauti na pombe ya kila siku, dawa za usingizi au heroini, ambazo kuziacha kwa mkupuo ukiwa mjamzito ni hatari na huhitaji uangalizi. Arosto ya bangi huanza siku ya 1 hadi 3, hupanda ndani ya wiki ya kwanza, na nyingi huisha kwa wiki 2: hasira, usingizi kukata, jasho, chakula kutopita. Usingizi huchelewa zaidi kurudi. Mwandae kwa siku hizo, la sivyo siku ya 4 atarudia akidhani mwili unaihitaji. Na angalia asijazie pengo kwa sigara.

Wengi wanaotumia hadi wiki ya 10 wanatafuta nafuu ya kichefuchefu. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi ya watafiti waliopiga simu kwenye maduka 400 ya bangi huko Colorado wakijifanya wajawazito wa wiki 8: asilimia 69 waliwapendekezea bangi. Ukimnyang'anya bangi bila kumpa kitu, umemwacha anatapika. Mpe mlo mdogo kila saa 2 hadi 3, kitu kikavu kabla ya kuinuka kitandani, tangawizi, vitamini B6 miligramu 10 hadi 25 mara 3 au 4 kwa siku, na doksilamini ikihitajika kwa maelekezo ya daktari. Akisema kutapika kunatulia tu akioga maji ya moto, shuku bangi yenyewe ndiyo inayomtapisha. Huyo akiongeza anazidi.

Asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Ni ya uti wa mgongo na ubongo zaidi kuliko moyo, lakini kumbuka uchambuzi ule wa 2009 ulichokiona.

---

mshauri_uzazi

Shukrani sana, mmenifungua macho. Kalenda na lile swali la vyumba vinne yanaingia kama yalivyo. Nimebakiza mawili. Baada ya kuzaliwa, tuangalie nini kwa mtoto ambaye altrasaundi ilikuwa sawa? Na mama aliyerudia bangi akinyonyesha?

---

mkunga_wa_zamu

Oksijeni ya damu ipimwe kwa kihisi kati ya saa 24 na 48 tangu kuzaliwa, mkono wa kulia na mguu mmoja wowote. Mkono lazima uwe wa kulia, kwa kuwa damu yake hutoka kwenye aota kabla ya ule mshipa, na ya mguu baada yake. Ukipima mkono wa kushoto unaweza kuikosa tofauti unayoitafuta.

Asilimia 95 au zaidi, na tofauti isiyozidi 3 kati ya mkono na mguu: amepita. Chini ya 90 popote: daktari sasa hivi. Katikati ya hapo, au tofauti zaidi ya 3: rudia baada ya saa moja. Mguu wa baridi, mtoto anayelia na taa kali juu ya kihisi hudanganya mashine, kwa hiyo mpashe joto, funika kihisi kwa kitambaa, subiri wimbi la mapigo litulie ndipo usome.

Kipimo hiki hukamata zaidi zile kasoro zinazoshusha oksijeni. Kubanwa kwa aota huweza kupita, ndiyo maana tunagusa mapigo ya kinena pande zote mbili na kuyalinganisha na ya mkono. Tundu kubwa la ukuta wa chini nalo hunyamaza siku za mwanzo, hadi presha ya mapafu inaposhuka wiki chache baadaye. Kwa hiyo mama aondoke akijua dalili: jasho kichwani akinyonya, kuachia titi kila mara ili apumue, pumzi zaidi ya 60 kwa dakika akiwa ametulia, uzito usiopanda, ulimi wa bluu. Mikono na miguu ya bluu siku za kwanza ni kawaida, ulimi si kawaida kamwe.

Kunyonyesha: THC huingia kwenye maziwa na imekutwa humo siku 6 au zaidi tangu mara ya mwisho. Kukamua na kumwaga mara moja hakusaidii, kwa sababu inaendelea kutoka kwenye mafuta ya mwili. Maziwa yabaki, bangi iondoke. Na akiwa amelewa asilale kitanda kimoja na mtoto, amkabidhi kwa mtu aliye timamu usiku huo.